Milimita moja na nusu: simu nyembamba au betri kubwa?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo hatuna mgeni. Tuna sauti moja ya WhatsApp kutoka kwa msikilizaji wetu wa Mbagala, na sauti hiyo imetufanya mimi na Musa tubishane tangu asubuhi. Dada huyu anauza nguo mtandaoni. Mchana anapiga picha za mzigo, jioni anarusha laivu, na wateja wanamtumia pesa kwenye simu hiyohiyo. Ameweka akiba yake, ameenda Kariakoo, ameshika Galaxy S25 Edge, ile simu nyembamba ya Samsung, na moyo umetua hapo. Anachouliza ni kimoja: itamfikisha usiku bila kuomba chaji kwa watu?

MUSA: Mimi nilimjibu kabla sauti haijaisha. Hapana, aiache.

REHEMA: Ndiyo hapo tulipogombana, kaka. Mtu anakwambia amependa simu inavyokaa mkononi, wewe unamrushia namba za betri kana kwamba mkono wake si kitu. Simu unaishika kuliko unavyoshika kijiko. Ukilala unaisoma juu ya uso. Mwenye vidole vinavyouma anajua uzito wa simu kila jioni. Kwa hiyo umbo la simu si urembo wa kuwaringishia watu peke yake.

MUSA: Nakubali. Basi tuanze na umbo, ila tuliweke pembeni ya ndugu yake. Samsung walizindua S25 za kawaida Januari 2025, halafu Mei wakazindua Edge. Uzuri wa kulinganisha hizi mbili, Edge na S25+, ni kwamba zimefanana mambo mengi. Kioo ni inchi 6.7 kote kuwili, prosesa ni Snapdragon 8 Elite kote kuwili, RAM ni GB 12 kote kuwili. Kwa hiyo huwezi kusema hii inakula chaji kidogo kwa sababu kioo chake ni kidogo. Kinachotofautiana ni mwili. Edge ina unene wa milimita 5.8 na gramu 163. S25+ ina milimita 7.3 na gramu 190.

REHEMA: Milimita moja na nusu.

MUSA: Moja na nusu, na gramu 27. Sasa sikiliza kilichotolewa ili hiyo milimita moja na nusu ipatikane. Betri ya S25+ ni mAh 4900, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Ya Edge ni 3900. Elfu moja nzima imeondoka. Kamera ya kuvuta mbali imeondoka pia: S25+ ina kamera tatu nyuma, Edge ina mbili. Kuchaji kwa waya, S25+ inapokea wati 45, Edge wati 25. Na bei ya kuzindulia kule Marekani, S25+ ilianza dola 999, Edge dola 1,099.

REHEMA: Yaani unaongeza dola mia kupata betri ndogo.

MUSA: Unaongeza dola mia kupata wembamba. Na fremu ya titani, na kioo kigumu zaidi, tuwatendee haki. Mtu anayeutaka huo wembamba, akijua alichokiacha, mimi sina neno naye. Kinachoniumiza ni mtu kununua bila kuambiwa. Muuzaji anakwambia "hii ndiyo mpya, hii ndiyo ghali", wewe unadhani kila kitu ndani yake kimepanda.

REHEMA: Hapo tuko pamoja. Mimi naongeza jambo la kava. Wangapi Dar wanatembea na simu ya bei hiyo bila kava? Kwenye daladala, kwenye bodaboda, watoto nyumbani? Unaivisha kava, na kava nyingi zinaongeza milimita moja au mbili. Wembamba ulioulipia unaufunika siku ileile, pale pale dukani, kabla hujafika kituo cha mabasi. Na ile milimita 5.8 haihesabu uvimbe wa kamera. Weka simu mezani uone inavyocheza ukiandika. Kwa hiyo dada yetu, ukirudi dukani omba kava, ivishe, ndipo uishike. Andika ujumbe mrefu kwa mkono mmoja. Itoe nje kwenye jua la saa saba uone kama kioo kinasomeka. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili, Kariakoo maduka hayaishi.

MUSA: Na ashike S25+ nayo imevaa kava. Huenda mkono wake usione tofauti.

REHEMA: Huenda ukaiona. Gramu 27 zinasikika ukishika simu juu saa nzima kwa ajili ya laivu.

MUSA: Kwenye laivu simu iko kwenye stendi, dada Rehema.

REHEMA: Si wakati wote. Anatembea nayo, anaonyesha gauni, anageuza kitambaa. Lakini haya, twende kwenye chaji, najua ndiko unakotaka.

MUSA: Laivu ni moja ya kazi ngumu sana unazoweza kuipa simu. Angalia kinachofanyika: kioo kimewaka muda wote, tena kwa mwangaza mkubwa, kamera inafanya kazi, prosesa inabana ile video ili ipite, halafu redio ya simu inaisukuma kwenda mnarani bila kupumzika. Ukitazama video ya YouTube unapokea tu. Laivu unapeleka. Na kama mtandao wa ulipo ni dhaifu, simu inaongeza nguvu ya kurusha ili mnara uisikie. Ndiyo maana ukienda kijijini kwenye mnara mmoja wa mbali, simu inakwisha chaji ukiwa umeiweka mfukoni tu.

REHEMA: Kwa hiyo yale masaa yanayoandikwa kwenye matangazo…

MUSA: Mengi ni ya kutazama video. Chukua mfano wa iPhone Air iliyotoka Septemba 2025, nayo ni nyembamba, milimita 5.6. Apple wanasema inacheza video mpaka saa 27, na iPhone 17 ya kawaida, iliyo nene zaidi na ya bei nafuu zaidi, saa 30. Namba hizo zinakusaidia kulinganisha simu na simu ya kampuni ileile. Hazikwambii laivu yako ya Mbagala itakwisha lini. Na ona: siku ileile walipoizindua Air, walitoa na betri ya kubandika mgongoni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, dola 99.

REHEMA: Kwa dada yetu Air ina kikwazo kingine kabisa: haina sehemu ya kuweka laini. Ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyochomolewa, popote ilipouzwa. Mtu mwenye laini ya biashara kwenye mtandao mmoja na ya nyumbani kwenye mwingine, ambaye simu ikiharibika huchomoa laini akachomeka kwenye kitochi ili wateja wasimpoteze, inabidi alipime hilo kabla ya rangi.

MUSA: Pesa za watu zimo kwenye hiyo laini.

REHEMA: Sasa nikuulize swali ambalo wengi watauliza. Si atanunua powabenki, mambo yakaisha?

MUSA: Atanunua, na haitaisha. Kwanza, ukichaji huku unarusha laivu, joto linatoka pande mbili: betri inapasha kwa kupokea chaji, prosesa na redio zinapasha kwa kazi. Simu ikizidi joto inajilinda. Inapunguza mwangaza wa kioo, inapunguza kasi, inapunguza hata spidi ya kuchaji. Ukiongeza joto la Dar la Januari chumbani bila feni, utaona kioo kinafifia katikati ya mauzo. Pili, joto ndilo linalozeesha betri za lithiamu mapema kuliko kitu kingine unachoweza kukizuia. Tatu, simu nyembamba imeungwa na powabenki kwa waya, ule wembamba uko wapi?

REHEMA: Hilo la kuzeeka ndilo lililonibadilisha mimi asubuhi, nisiseme uongo. Uliandika hesabu kwenye karatasi. Wapigie wasikilizaji hesabu hiyo.

MUSA: Betri hatuinunui kwa siku ya kwanza. Dada huyu simu atakaa nayo miaka mitatu, minne. Tuseme betri zote mbili zimechoka, kila moja imebaki asilimia 80 ya uwezo wake. S25+ itakuwa na mAh 3920. Edge itakuwa na 3120. Yaani S25+ iliyochoka inalingana na Edge iliyotoka kwenye boksi leo.

REHEMA: Iliyochoka inalingana na mpya.

MUSA: Na ndogo inachoka mapema. Mzunguko mmoja wa chaji ni kutumia asilimia mia moja kwa jumla; ukitumia hamsini leo na hamsini kesho, huo ni mmoja. Kazi ni ileile, kwa hiyo betri ndogo inazunguka mara nyingi zaidi. Kila S25+ inapomaliza mizunguko minne, Edge imeshamaliza mitano. Kwa mtu wa kawaida hilo halitishi. Kwa mtu anayemaliza betri kila siku na kuichaji tena jioni, mwaka wa pili ataliona.

REHEMA: Kuna mahali pa kupata namba za uchovu bila kutegemea muuzaji?

MUSA: Papo, na ni bure. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Kila simu inabandikwa lebo: inakaa na chaji saa ngapi, betri inavumilia mizunguko mingapi, inahimili kuanguka kwa daraja gani, inatengenezeka kwa urahisi gani. Kanzidata yao inaitwa EPREL, iko mtandaoni, hata ukiwa Mbagala unaifungua. Muhimu ni kwamba kipimo ni kimoja kwa kampuni zote, si kila mmoja na mtihani wake. Ila angalia namba ya modeli, maana simu ya jina moja inaweza kuwa na modeli tofauti kwa soko la huku.

REHEMA: Mimi bado nina swali kwa watengenezaji wenyewe. Mbona Infinix Hot 60 Pro+ ina milimita 5.95 na betri ya 5160? Hiyo ni simu ya bei ya kati, inauzwa hukuhuku kwetu. Kumbe wembamba na chaji vinaweza kukaa nyumba moja.

MUSA: Vinaweza, na swali lako ni la haki. Sehemu ya jibu ni kilichowekwa kando ya betri: kamera za Edge ni kubwa, ile kuu ni megapikseli 200 na ina mtambo wa kutuliza mtikisiko, na vitu hivyo vinachukua nafasi. Sehemu nyingine ni kemia. Honor walianza mwaka 2023, kwenye Magic5 Pro ya soko la China, kutumia betri zenye silikoni ndani yake. Silikoni inabeba lithiamu nyingi kuliko grafiti tuliyoizoea kwenye betri za simu, kwa hiyo betri ya ukubwa uleule inapata uwezo zaidi. Tabu yake silikoni inavimba sana ikichajiwa, ndiyo maana inachanganywa na kaboni kwa kipimo. Kampuni nyingi za China zimefuata. Edge na Air hazina.

REHEMA: Samsung wana sababu ya kuogopa.

MUSA: Walishaungua. Simu yao ya Note 7 ya mwaka 2016 waliiondoa sokoni dunia nzima, na uchunguzi walioutangaza Januari 2017 ulionyesha kwamba betri za kundi moja zilibanwa kwenye kona hadi sehemu za ndani zikapinda. Betri inahitaji nafasi ya kupumua. Lakini tahadhari ya kampuni si sababu ya dada yetu kulipa zaidi apate chaji kidogo.

REHEMA: Basi jibu langu mimi, na nimelifikia taratibu. Mtu wa ofisini, mwenye soketi mezani, anayependa simu nyepesi, Edge ni simu nzuri na asione haya kuitaka. Wewe dada wa Mbagala, simu ndiyo duka lako. Chukua S25+, na hiyo tofauti ya bei, kama na hapa ipo, nunua chaja halisi ya wati 45, maana kwenye boksi hakuna. Umeme ukikatika mchana ukarudi saa kumi na mbili, nusu saa ya kuchaji kabla ya laivu itakuwa na maana.

MUSA: Na kabla pesa haijatoka mkononi, bonyeza *#06#, upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Jina na modeli vitakavyorudi vifanane na ulichoshika. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na bado wapo watu wanaoziuza.

REHEMA: Ila kuna kazi moja tunataka aifanye hata kabla ya kwenda. Siku ya laivu, usiku, afungue mipangilio ya betri kwenye simu aliyonayo sasa. Aangalie kioo kimewaka saa ngapi kwa jumla, na programu gani imekula chaji nyingi. Anaweza kukuta laivu yenyewe si mlaji mkubwa.

MUSA: Anaweza kukuta ni WhatsApp ya wateja kuanzia alfajiri. Basi atutumie picha ya ukurasa huo pamoja na ukubwa wa betri ya simu yake, tupige hesabu hiyo hapa kipindi kijacho, kwa namba zake mwenyewe.