Kuku Anahema Mchana? Fanya Hivi Kabla Hajaanguka

Habari za mchana, mfugaji mwenzangu. Niko bandani kwangu hapa Mikindani, saa nane hii, na kaskazi ndiyo imeanza na joto lake. Mtazame yule tetea pale kwenye kona. Mdomo wazi, mbawa kaziachia, koo linapwita. Huyo hana mafua wala kideri. Ni joto. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hivi hata akiwa mzima, na akizidiwa tegemeo lake kubwa ni kuhema.

Kwanza, maji. Tia mkono kwenye chombo. Yakiwa ya uvuguvugu, mwaga. Ukichota kwenye tangi jeusi lililoshinda juani, kuku atayaonja na kuyaacha. Mimi nayalaza kwenye mtungi usiku kucha, kisha nabadilisha saa nne, saa saba na saa tisa.

Pili, chakula, na hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najaza vilishio saa sita mchana, nikiamini kuku akishiba atalihimili jua. Siku moja nikakuta broila 11 wamekufa, magole, vile vifuko vya chakula shingoni, yamejaa pumba. Chakula kikisagwa tumboni hutoa joto, nalo hukolea saa chache baada ya kula. Kwa hiyo lisha alfajiri, ondoa vilishio saa tatu asubuhi, rudisha saa kumi na moja jioni. Maji yabaki muda wote.

Tatu, paa. Bati tupu ni kikaango. Tandaza makuti juu yake, uyafunge kwa kamba upepo usiyachukue. Ndugu zangu wa Newala, ambako maji ni ya kuhangaikia, ezekeni nyasi. Sisi wenye maji tunaweza kulimwagia bati mchana. Lakini usinyunyize ndani ya banda lililozibwa! Hewa ya pwani tayari ina unyevu mwingi. Ukiuongeza, kuku anahema bila kupoa.

Kama ndiyo unajenga, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini: tofali hadi magotini, juu wavu. Kaskazi itaingia huku, kusi itaingia kule, na jua la asubuhi na la jioni litakuta ukuta mfupi. Kama umeshajenga, angalau toa yale magunia uliyotundika.

Vifaranga wa wiki mbili za mwanzo bado wanahitaji joto, wao usiwapoze.

Sasa turudi kwa tetea wetu. Namshika taratibu, bila kumkimbiza, maana kumkimbiza ni kumwongezea joto. Nampeleka chini ya mkorosho, nalowesha miguu, kishungi na kifua kwa maji ya mtungi. Kichwa usikizamishe. Nasubiri… Mwone, ameanza kukunja mbawa. Namsogezea maji, anywe mwenyewe.