Nguo Imetoka Baharini? Usiianike!

Haya jamani, karibuni. Leo niko uani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, na beseni, kipande cha chandarua na kitambaa cha hariri nilichokilowesha maji ya bahari. Nataka kuwaonyesha namna ya kuitunza nguo ya kale iliyotoka kwenye merikebu iliyozama. Nguo yenyewe sina, wala sitakiwi kuwa nayo. Ukiiona chini huko baharini, iache palepale, uende Ngome ya Yesu ukawaarifu watu wa Makavazi. Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697, ilichimbuliwa na wataalamu kuanzia 1977. Lakini bahari haiulizi. Mara nyingine kitu huja chenyewe wavuni.

Kwanza kabisa, usianike. Najua, mkono wa Mswahili ukishika nguo mbichi unatafuta kamba. Hii ikikauka, chumvi inaganda chembechembe ndani ya nyuzi na kuzikata. Itie kwenye maji yaleyale ya bahari ilimotoka.

Sasa sogeeni karibu. Nikiinua kwa pembe, hivi... mmeona? Maji yote yamekimbilia chini, na uzito wake tu unatosha kuichana. Basi napitisha chandarua chini yake, polepole, nainua chandarua. Inapanda tambarare kama chapati juu ya sinia. Usikamue, usikunjue mikunjo, na sabuni iache bafuni.

Kutoa chumvi ni kazi ya siku nyingi. Mwaga robo ya maji, jazia maji matamu. Kesho robo nyingine. Maji ya kisima hapana, visima vyetu vingi hapa vina chumvi! Mwisho kabisa malizia na maji ya betri, yale maji safi yaliyotoneshwa, si asidi!

Mtaniuliza, kwani nguo inadumu miaka yote hiyo? Hariri na sufu zikifukiwa mchangani pasipo hewa, zinaweza. Karibu na kisiwa cha Texel, Uholanzi, wapiga mbizi walitoa gauni la hariri la karne ya 17, mwaka 2014, bado linavalika ukilitazama. Kitani na pamba ndizo huwahi kuoza.

Andika kwa penseli umeipata wapi na lini, wino utachuruzika. Kukausha sikuonyeshi, hapo ni maabara. Mimi nafunika beseni nalisukuma chini ya kitanda, kwenye giza, kabla paka wa jirani hajaja kunywa.