Marufuku ya usiku kwa dereva mpya ianze giza linapoingia

Mwenyekiti, wazazi, walimu wenzangu wa udereva, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, hamjambo. Mnanifahamu, na mnajua nimekuja na wimbo gani: kijana aliyepata leseni juzi asiendeshe usiku peke yake. Leo sibishani tena kama azuiwe. Nabishana azuiwe kuanzia saa ngapi, maana hapo ndipo watu wazima wanaponiudhi.

Kila tukilizungumza, mtu anatoa simu na kutusomea sheria za wenzetu. New Jersey, Marekani, dereva wa leseni ya majaribio aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi barabarani kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. New Zealand, walioanza kutoa leseni kwa hatua mwaka 1987, wao ni saa nne usiku. Basi na sisi tuweke saa nne! Jamani, Auckland mwezi Desemba saa mbili na nusu usiku jua bado lipo. Hapa Dodoma, iwe Januari iwe Julai, saa moja na nusu giza limeshatanda. Na hata huko Marekani, ajali nyingi za usiku zinazoua madereva wa miaka 16 na 17 hutokea kabla ya saa sita. Sisi tukisubiri saa nne tutakuwa tunamlinda kijana aliyesharudi nyumbani, au ambaye hatarudi.

Niwape habari ya gunia, walioisikia wanivumilie. Mzazi akinibishia, namchukua usiku hadi kwenye kipande cha barabara nje ya mji kisicho na taa. Mbele nimelaza gunia kuukuu la mkaa, nimelijaza majani makavu. Namwambia aje polepole, taa dimu, asimame mara tu atakapoliona. Akisimama tunashuka, tunahesabu mita pamoja. Akijitahidi sana, 50. Halafu naokota kijiti, nachora hesabu kwenye vumbi mbele ya taa. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke na mguu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda breki, sekunde moja na nusu imepita: mita 33, na hujakanyaga kitu. Breki zenyewe, lami kavu na tairi nzima, zinataka 35 nyingine hivi. Jumla karibu 70, na gunia liko 50. Mzee mmoja, dereva wa miaka mingi, hakusimama kabisa. Alifika mwisho wa kipande, akashusha kioo akaniuliza, "Mwalimu, mbona hujaliweka?" Lilikuwa chini ya gari lake.

Sasa mkitoka hapa, gunia hilo ni lori lililokufa kati ya Kibaigwa na Gairo, dereva ametandaza matawi ya miti nyuma kama desturi yetu, na tawi haling'ai. Ni ng'ombe aliyechelewa zizini huko Bahi. Ni punda wa maji Chamwino. Dereva mzoefu anapunguza mwendo kabla hajaona chochote, kwa sababu anajua pale huwa kuna kitu. Huyu mpya anasubiri aone.

Mtaniambia mabasi ya mikoani tuliyazuia usiku tangu miaka ya tisini, na mwaka 2023 yakaruhusiwa tena. Ndiyo. Basi lina dereva wa kazi, na kuna kifaa ndani kinachowaonyesha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwendo wake. Mwanao wa miaka 18 amefungiwa kifaa gani? Spika.

Je, mama akishikwa uchungu usiku? Swali hili huniuliza baba mwenye leseni. Si uendeshe wewe! Na kama huwezi, kaa kando yake. Nilisema asiwe peke yake.

Trafiki watapata pa kulia rushwa? Wanaokula wanakula hata mchana.

Wa miaka 16 simtaji kabisa. Kwa gari, sheria yetu imemkataa hadi afikishe 18, usiku na mchana. Mkimkuta Area D na gari la baba, mwulizeni baba.

Bodaboda ndipo pagumu, na naona mmeanza kunikodolea macho. Kijana anayesubiri abiria stendi ya Nzuguni usiku, hapo ndipo ilipo pesa yake ya kodi ya chumba. Siwezi kumwambia akalale. Kwake nitashika machache: kizibao cha kung'aa, taa ya nyuma inayowaka, na asipakie mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La kujaza marafiki garini, ambalo New Jersey nao wanalibana, lilitaka siku yake. Pombe pia. Yule kijana aliyenyoosha mkono nilipotaja bodaboda, simama, uliza.