Jumba la Carson, Eureka: nyumba iliyojengwa kwa mbao na mvuke

Habari zenu huko nyumbani. Leo tuko Eureka, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa California, na hili hapa ndilo Jumba la Carson. Anzeni na ule mnara, kisha teremsheni macho polepole: roshani, nguzo za baraza, nakshi hadi kwenye kila kona ya paa. Yote hayo ni mbao.

Mwenyewe, William Carson, mzaliwa wa New Brunswick, Kanada, alikuja huku enzi za kukimbilia dhahabu, ila utajiri akaupata kwenye msekwoya. Huo ndio mti mrefu kuliko yote duniani; mingine hupita mita 110. Sasa gogo la mti huo utalitoaje msituni? Walitumia maksai, mpaka mwaka 1881 mshirika wake, John Dolbeer, alipobuni winchi ya mvuke: boila iliyosimama wima, injini, na pipa la kuzungushia kamba. Mashine inafungwa kwenye kisiki, kamba inapelekwa hadi kwenye gogo, pipa likizunguka gogo linakuja. Msipoijua mashine hiyo, jumba hili hamtalielewa.

Ujenzi ulianza 1884 ukaisha 1886, mafundi zaidi ya 100. Ramani walichora ndugu wawili wa San Francisco, Samuel na Joseph Newsom. Ndani kuna mbao za primavera kutoka Amerika ya Kati, futi 97,000, na mawe ya oniksi kutoka Meksiko. Mwaka 1950 warithi waliliuza kwa dola 35,000, na tangu hapo ni la Klabu ya Ingomar. Wanaingia wanachama na wageni wao tu. Sisi wengine tunalitazama kutoka Mtaa wa M. Ng'ambo ya barabara, ile nyumba ya rangi ya waridi, Carson alimjengea mwanawe zawadi ya harusi mwaka 1889, wasanifu walewale.

Ninyi mliozoea milango ya Lamu na Unguja, inayochongwa kwa patasi, angalieni tofauti. Nakshi nyingi za nyumba za enzi hizo zilitoka kiwandani: msumeno mwembamba unaopanda na kushuka ulitoboa maua kwenye ubao, mashine ya kukereza ikatoa nguzo, kisha fundi akapigilia kipande juu ya kipande. Kwa hiyo viungo ni vingi mno, na kila kiungo ni mlango wa maji.

Kiini cha msekwoya kina tanini, kemikali ya asili ya mti, hakiozi upesi wala wadudu hawakipendi. Mbao ya pembeni, karibu na gome, haina kinga hiyo. Na ubao hunywa maji zaidi kwenye ncha, pale nyuzi zilipokatwa. Rangi hubambuka hapo kwanza.

Fundi anayetengeneza nyumba kama hii hapigi maji ya presha, yanasukuma unyevu nyuma ya nakshi. Kwanza anapima madini ya risasi kwenye rangi, maana rangi za nyumba za Marekani za kabla ya 1978 mara nyingi huwa nayo, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Anakwangua kwa mkono akiwa amelowesha kidogo, anaacha ubao ukauke kabisa, kisha praima ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia, pande zote, mgongoni na kwenye ncha pia. Akiruka praima, tanini itapenya rangi na kuacha madoa ya kahawia. Misumari nayo iwe isiyoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na tanini, ubao unachirizika weusi chini ya kila msumari.