Nguo Isiyofumwa

Kabla sijasema lolote, nawaomba mpitishiane kipande hiki. Kishikeni, kikunjeni, kinuseni. Wewe uliye karibu na dirisha, kinyanyue kwenye mwanga. Unatafuta nyuzi za mtande na mshindio, sivyo? Hutaviona. Hapa hakuna uzi uliosokotwa wala kufumwa. Ni gome la mti lililopigwa nyundo mpaka likawa nguo. Waganda huiita lubugo, na mti wenyewe mutuba, wa jamii ya mkuyu.

Nimealikwa nizungumzie mavazi ya majaribio, na najua wengine mlitarajia magauni yenye taa na plastiki. Nimewaletea gome, kwa sababu kwa fundi cherehani sijaona mtihani mgumu kuliko huu.

Gome huvunwa msimu wa mvua. Fundi hulichuna shinani, kisha huufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote gome jipya, na baadaye mti uleule huvunwa tena. Kazi hufanyiwa bandani, gome lisikauke haraka. Nyundo ni za mti na zina mifereji: huanza yenye mifereji mipana, humalizia yenye myembamba. Kila pigo hulitanua gome kwa upande, ndiyo maana kipande mlichoshika kinavutika kwa upana kuliko kwa urefu. Wekundu huo wa udongo huletwa na jua. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu wote.

Sisi wa pwani tumo katika kisa hiki. Misafara iliyofika Buganda katika karne ya 19 ilibeba nguo za pamba, na miongoni mwa nguo zilizokuwa zikishushwa Zanzibar ni merikani, ambayo jina lake linaitaja Marekani ilikotoka. Pamba inafulika kwa urahisi kuliko lubugo. Taratibu gome likaachiwa mazishi, matambiko na sherehe za ufalme. Hapo ndipo penye uzito. Maiti huzungushiwa lubugo, basi aliye hai akitoka nayo barabarani, wapo wanaoshtuka, na wana haki ya kushtuka. Mbunifu anayeigusa nguo hii hagusi malighafi tu, anagusa msiba wa watu.

Sanaa Gateja wa Uganda, ambaye jina lake ni neno letu wenyewe, hushona juu ya gome shanga alizozitengeneza kwa karatasi kuukuu, na mwaka 2022 kazi zake zilionyeshwa Pittsburgh, Marekani, katika maonyesho ya sanaa ya Carnegie International. Nazipenda mno. Lakini hizo hutundikwa ukutani, na ukuta hautoi jasho, wala haukai kwenye kiti. Ndiyo maana moyo wangu uko zaidi kwa Jose Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, ambaye ameirudisha lubugo mwilini kwa kuichanganya na vitambaa vingine, vikiwemo vilivyokwisha kutumika. Yeye amekubali swali ambalo sisi mafundi hatuwezi kulikwepa: mvaaji akiinua mkono, itakuwaje?

Mimi nililijibu vibaya mara ya kwanza. Nilishona blauzi kwa mishono midogo midogo, kama ninavyoshona poplini. Matundu ya sindano yakakaribiana, na bega likachanika kwa kufuata mstari wa mshono, mvaaji akiwa mbele ya kioo. Nililia, kwa kuwa gome lile lilikuwa la mtu aliyekesha akilipiga. Siku hizi narefusha mshono, naweka bitana ya pamba nguo nzima, na kwapani sitii gome kabisa. Natia jinzi kuukuu.

Koti lililo kwenye kiti hiki nimelishona hivyo. Dada mwenye mtandio wa kijani, karibu ulijaribu. Haya, inua mikono yote miwili. Polepole kwanza.