Umeme Ukikatika, Maji Yaende Wapi?

Hamjambo ndugu zangu. Waliokwama kwenye msongamano wa Jinja Road hapa Kampala watatukuta, tuanze.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufunga mitambo ya kuchuja maji kwenye tangi jipya la matumbawe. Wengi wenu mmefuga samaki wa maji baridi miaka mingi. Namwona hata mzee wangu mmoja anayefuga nkejje wa ziwani, hao ambao watu wa Mwanza huwaita furu. Chujio mnalijua. Mimi nitaanzia kwenye swali ambalo muuzaji hakuulizi: umeme ukikatika, maji yaende wapi?

Tangi la matumbawe kwa kawaida huwa mawili. La juu ni la kutazama. La chini, ndani ya kabati, huitwa sampu, na humo ndimo mitambo inakaa. Maji yanamwagika kutoka juu yenyewe, pampu inayarudisha. Pampu ikisimama, yale yaliyo juu ya ukingo yanaendelea kushuka, na bomba la kurudishia nalo linageuka mrija: linayanyonya kwenda chini mpaka mdomo wake upate hewa.

Mimi hilo nilijifunza saa nane za usiku. Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, iliisha tumelala. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, kwa hiyo kila sentimita ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba nilikuwa nimeuzamisha sentimita 15. Pigeni hesabu: lita 90, jerikeni nne na nusu! Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 40. Zilizobaki nilizikanyaga gizani, nikidhani mtoto kamwaga ndoo, mpaka nilipoonja kidole.

Dawa yake haina gharama. Mdomo wa bomba uzame sentimita 2 au 3 tu, na utoboe tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema. Tundu hilo huziba kwa mwani, kwa hiyo lisafishwe. Ile vali ya kuzuia maji yasirudi ifunge ukitaka, ila usiitegemee ukalala mlango wazi: konokono mmoja akikwama pale, haifungi tena. Kisha, kabla ya chumvi, kabla ya jiwe hata moja, jaza maji ya mfereji, washa, zima. Washa, zima. Mara kumi. Ukishajua sampu inabeba yote yanayoshuka, washa pampu, maji yatulie, upige mstari wa wino kwenye kioo chake. Usijaze kupita hapo.

Fundi bomba atakuletea viungo vya shaba nyeupe, maana ndivyo alivyozoea. Mrudishe dukani. Shaba ikiyeyuka kwenye maji ya chumvi inaua matumbawe, kamba na konokono. Tumia plastiki tupu.

Sasa skima. Mmewahi kusimama ufukweni Mombasa mkaona povu la rangi ya chai mawimbi yanapopiga? Skima inafanya kazi hiyohiyo: inasaga hewa kuwa viputo vidogo sana, uchafu wa protini unanata juu yake, povu linapanda kikombeni. Kwenye maji baridi viputo havisagiki hivyo, ndiyo maana wengi wenu hamjawahi kuihitaji. Iwekwe kwenye chumba cha sampu ambacho maji yake hayapandi wala kushuka. Chumba cha pampu ndicho kinachopungua maji yanapokauka. Ukiiweka humo, leo itafurika, kesho haitoi kitu. Tangi jipya halina uchafu, kwa hiyo wiki za mwanzo kikombe kitakuwa kitupu. Usiihangaikie.

Maji ya mwisho yasiwe ya mfereji. Yetu yanatoka ziwani, yanatibiwa kwa klorini. Yapitishe kwanza kwenye mtambo wa osmosisi, ule unaosukuma maji kupitia utando mwembamba uchafu ubaki nyuma, ndipo utie chumvi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi ya mezani haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha, usinijaribu.

Chujio kubwa kuliko yote ni mawe yenyewe. Bakteria wanaoishi ndani yake hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na kuwasubiri wakue huchukua wiki 4 hadi 6. Nao wanapumua. Kwa hiyo nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua samaki. Na yale machujio ya mkebe uliofungwa siyapendi hapa kwetu: umeme ukikaa saa nyingi, hewa inaisha ndani, na ukirudi unasukumiwa uozo wote tangini.

Sogeeni hapa mbele. Nimekuja na tangi dogo, bomba mbili, moja ina tundu, nyingine haina. Vueni viatu wale wa mstari wa kwanza. Nani anazima swichi?