Mfungwa aliyechora Sydney: mhadhara kuhusu kazi ya msanifu majengo wa serikali

Haya, kule nyuma mnanisikia? Sawa. Basi tuanze, maana mada ni ndefu na muda niliopewa mfupi.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya msanifu majengo wa serikali, yule anayechora mahakama, posta, kambi, hospitali, yaani majengo ambayo wewe hukuyaagiza ila kodi yako imo humo. Ningeweza kuwaletea mambo ya jumla mkalala wote. Nimeona nimchukue mtu mmoja, Francis Greenway wa Sydney, halafu mwishoni nimguse James Barnet aliyeshika kazi hiyohiyo baadaye. Nimemchagua Greenway kwa sababu karibu kila kitu kinachoweza kumkuta msanifu wa serikali kilimkuta, tena ndani ya miaka kama sita tu: bosi anayempenda, bosi asiyemtaka, mkaguzi kutoka makao makuu, kontrakta mbabaishaji, jiwe bovu, na jengo kubadilishiwa kazi wakati msingi umeshawekwa.

Alizaliwa 1777 karibu na Bristol, Uingereza, kwenye ukoo wa waashi na wajenzi. Akafanya kazi na kaka zake, biashara ikafilisika 1809, na katika kuhangaika kujinasua akaghushi hati ya mkataba wa ujenzi ili ionekane mteja alikubali kulipa hela ya ziada. Wakamkamata. 1812 akahukumiwa kifo, maana enzi zile kughushi lilikuwa kosa la kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa miaka 14 ya kupelekwa koloni la New South Wales, huko Australia. Akatua Sydney Februari 1814, mfungwa. Kwa hiyo ukiona wasifu wako una doa kidogo, mkumbuke huyu jamaa.

Gavana wakati huo ni Lachlan Macquarie, mwanajeshi aliyeongoza koloni tangu 1810 mpaka 1821 na aliyetaka kuligeuza hilo gereza liwe mji kweli. Mafundi anao, wafungwa wa kubeba mawe anao, msanifu mwenye shule yake ndo hana. Greenway naye kaja na barua ya kumpendekeza kutoka kwa Arthur Phillip, gavana wa kwanza kabisa wa koloni, si mchezo. Macquarie akampa kazi ndogo, amnakilie mchoro wa jumba la mji na mahakama kutoka kwenye kitabu. Sasa wewe ni mfungwa, gavana kakupa kazi, unafanyaje? Greenway akamwandikia barua kwamba kunakili si hadhi yake, ye anaweza kubuni kitu bora zaidi ya hicho. Jamani! Gavana hakufurahi hata chembe, ila hakumtupa. Kiburi cha namna hiyo kina bili yake, na tutaiona inaletwa huko mbele.

Halafu kuna hii ya hospitali, naipenda sana. Serikali ilitaka hospitali, hela hakuna, ikapatana na wafanyabiashara kwamba wao wajenge na malipo yao yatakuwa haki ya kuingiza ramu, galoni 45,000 kwa kuanzia, ikaja kuongezwa. Ndo maana mpaka leo inaitwa Hospitali ya Ramu. Waliosema ubia wa serikali na sekta binafsi ni jambo la juzi waje hapa. Jengo likamalizika 1816, Greenway akatumwa kulikagua, akakuta kazi imelipuliwa, na ripoti aliyoandika haikumung'unya maneno, makontrakta wakaambiwa warekebishe. Yaani mfungwa anawaambia matajiri wa mji kazi yenu mbovu! Maadui alianza kuwapata hapo. Lakini ukiniuliza mimi, hiyo ndo shughuli yake ya kwanza ya kweli kama msanifu wa serikali, kabla hata ya kuchora. Serikali haikuwa na macho yake yenyewe ya kuona kwamba imeibiwa, yeye akawa ndo macho. Sehemu ya jengo hilo leo ni Bunge la New South Wales, kwa hiyo marekebisho si kwamba yalikuwa bure.

Mwaka huohuo 1816 akateuliwa rasmi, shilingi tatu kwa siku, na nyumba. Kazi ya kwanza ni mnara wa taa pale kwenye mlango wa bandari, ili meli zisivunjike kwenye miamba usiku. Jiwe la msingi likawekwa Julai 1816. Hapa nataka tutulie kidogo. Jiwe lililokuwepo lilikuwa jiwe la mchanga, laini, na Greenway alisema mapema kabisa kwamba halifai, litaliwa na upepo na chumvi. Gavana akasema jenga. Akajenga. Desemba 1817 Macquarie akaenda kuukagua mnara, akafurahi mno, akamkabidhi msamaha wenye masharti hapohapo. Na kufikia 1823 mawe yameanza kudondoka, ikabidi mnara ufungwe mikanda ya chuma kuuzunguka ili usimeguke. Sasa mtu wa kawaida akipita pale akaona mikanda ile anasema nini? Anasema aliyechora hajui kazi. Hasemi gavana aliamuru, wala hasemi jiwe jingine halikuwepo. Msanifu wa serikali anabeba lawama ya maamuzi ambayo barua zake za kuyapinga ziko kabatini hakuna anayezisoma. Kwa hiyo andikeni hizo barua, halafu mbaki na nakala.

Baada ya mnara kazi zikamwagika. Makanisa, kama lile la Mtakatifu Mathayo kule Windsor, gereza la wanawake Parramatta, mazizi ya farasi wa gavana, na kambi ya Hyde Park, ambayo ndo ningependa muijue vizuri.

Kabla ya kambi hii wafungwa Sydney walikuwa wanajitafutia pa kulala mjini. Macquarie akataka walale chini ya ulinzi, wapungue kuzurura usiku. Greenway akachora jengo la matofali la ghorofa tatu, limekaa katikati ya uwanja wenye ukuta, kila ghorofa vyumba vinne, jumla 12, na humo ndani hakuna vitanda, kuna nguzo na miti ya kutundikia machela za turubai. Limefunguliwa Juni 1819. Lilikusudiwa watu 600, kuna nyakati walilala humo 1,400. Kwa mbele juu kaweka saa, na jina la gavana pamoja na mwaka 1817. Jina la msanifu halipo, mshazoea. Ila ukilitazama lile jengo, ukuta wa mbele umegawanywa na nguzo bapa za matofali zinazopanda toka chini hadi juu, madirisha yamekaa kwa mpangilio mmoja, hakuna urembo wa kupandikiza, na bado linakufanya usimame. Alikuwa na tofali, chokaa, mbao na vibarua wasiotaka kuwepo pale. Uwiano haulipiwi. Hilo naweza kulirudia hapa mpaka jioni: ukiwa na bajeti ya serikali kitu pekee cha bure ulichonacho ni vipimo, dirisha liwe pana kiasi gani na likae umbali gani na mwenzake, na wengi wetu tunakitumia vibaya kuliko hata hela.

Kwa kambi hiyo akapewa msamaha kamili, 1819. Na mwaka huohuo akashuka melini mtu anaitwa John Bigge.

Bigge katumwa na London kuja kuchunguza koloni, na moja ya maswali makubwa ni hili, hizi hela za majengo zinatumikaje kwenye nchi ya wafungwa? Mazizi yale ya farasi, kwa mfano, yana minara na kingo za juu kama ngome, ukiyaona unadhani anakaa mfalme, na Macquarie aliyaanzisha bila ruhusa ya wakubwa. Bigge akakasirika. Kwa hili mi simlaumu sana, ni farasi jamani. Ila akaingia hadi kwenye kazi zilizokuwa katikati ya ujenzi. Kulikuwa na mpango wa kanisa kuu, akausimamisha. Kulikuwa na mahakama ambayo jiwe lake la msingi limewekwa Oktoba 1819, akataka iwe kanisa, na jengo lililokusudiwa kuwa shule likageuzwa kuwa mahakama. Wewe umechora chumba cha hakimu, umepanga mshtakiwa anaingilia wapi, unaletewa taarifa kwamba humo sasa kutaimbwa zaburi. Greenway akaongeza mnara na kilele kirefu, akatengeneza mlango mzuri wa nguzo, na kanisa la Mtakatifu James likazinduliwa 1824 na lipo mpaka leo mtaa wa King, waumini wanaingia, na ukisimama nje huwezi kudhani lilianza kama mahakama. Kwangu hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu ilihitaji mtu anayejua kuta kiasi kwamba matumizi yakibadilika kuta hazidhuriki.

Na ile bili ya kiburi ikaja. Greenway alikuwa anataka alipwe asilimia ya gharama za ujenzi kama wasanifu wa binafsi, akasahau, au akajifanya kusahau, kwamba ana mshahara, nyumba na msamaha. Akagombana na Macquarie mwenyewe, yule yule aliyemtoa kifungoni. Macquarie akaondoka, akaja gavana mwingine, Thomas Brisbane, na Novemba 1822 Greenway akafukuzwa kazi. Akang'ang'ania nyumba ya serikali miaka mingi, hataki kuhama. Akafa 1837 bila kitu, kaburi lake halikuwekewa alama. Halafu 1966 Australia ilipoanza kutumia dola wakamweka kwenye noti ya dola kumi, akakaa humo hadi 1993. Mtu aliyehukumiwa kwa kughushi, kwenye noti! Huwa nikisimulia hiki watu wanadhani nimetunga.

Sasa majengo yenyewe baada ya yeye. Kambi ya Hyde Park wafungwa waliondoka 1848, wakaletwa wanawake wahamiaji waliokuwa wanasubiri ajira, ikawa pia makazi ya wanawake wazee wasio na pa kwenda, kisha toka 1887 ikawa mahakama na ofisi za serikali mpaka 1979, sasa ni makumbusho, na tangu 2010 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na maeneo mengine ya wafungwa. Walipokuja kufungua sakafu wakakuta panya walikuwa wanavuta vitu chini ya mbao muda wote huo, vitambaa, karatasi, vipande vya nguo za wafungwa, vikakaa pakavu visioze, na mpaka sasa vitu vilivyokusanywa pale vimezidi laki moja. Msanifu alichora sakafu ya kulalia wanaume, panya wakaifanya ghala ya kumbukumbu. Yale mazizi nayo yakawa chuo cha muziki toka miaka ya 1910, kwa hiyo palipokuwa na farasi pana piano.

Barnet kwa ufupi, maana naona naoneshwa saa. James Barnet alizaliwa Scotland 1827, akashika ofisi ya msanifu wa koloni 1862, akatoka 1890. Hebu fikiria, miaka karibu 28. Posta, mahakama na vituo vya polisi vya miji midogo, mamia, vyote vinapita mezani kwake. Alijenga ukumbi wa maonesho, Garden Palace, kwa takriban miezi minane kwa ajili ya maonesho ya 1879, sehemu kubwa mbao, ukateketea wote Septemba 1882. Kwenye Posta Kuu ya Sydney akaruhusu mchongaji Tomaso Sani achonge watu wa kawaida wa zama zile na nguo zao za kila siku, wakubwa wakachukia, wakasema ni aibu, wakataka zivunjwe. Barnet akakomaa. Michongo ipo.

Na mnara wa Greenway uliofungwa mikanda? Barnet ndo aliyeubadilisha, wa kwake ukawashwa 1883, mita chache tu kutoka ule wa zamani, na alivyouchora unafanana na wa Greenway karibu kila kitu. Angeweza kuchora wa kwake, jina kubwa analo, bajeti anayo. Akamwachia mwenzake umbo lake, akabadilisha jiwe.

Mwisho wa Barnet ulikuwa mbaya, tume ilichunguza ujenzi wa ngome ya kisiwa cha Bare, zege lilikuwa bovu, ikalaumu usimamizi wake, akaondoka 1890. Ofisi ikapangwa upya na bado ipo, ila siku hizi kazi yake ni kushauri na kuangalia ubora zaidi kuliko kuchora, michoro wanafanya wasanifu wa nje ya ofisi. Najua sababu zake za kibajeti na wengine humu mnaiunga mkono. Mimi siiungi. Greenway aliweza kuikamata Hospitali ya Ramu kwa sababu alikuwa ameshika mawe toka utoto, sasa ofisi isiyochora wala kusimamia site kwa miaka ishirini, hilo jicho italitoa wapi? Haya, naona mikono tayari, dada wa pale mbele anza.